Kidevu na Daktari Aliyetaka Kuonekana Anakwenda

Kazi ile Kidevu aliikubali akiwa amefunguliwa mdomo, pamba zimejaa mashavuni, na chuma cha daktari kinagongagonga gego lake la mwisho. Wanaomlaumu waanze na hilo.

Alikuwa mpiga picha wa studio ndogo iliyobanwa kati ya duka la viatu na duka la vitasa. Picha zake zilikuwa za vitambulisho, za hati za kusafiria, za watoto waliomaliza shule, na siku ikiwa njema, picha ya familia nzima, baba ameketi na wengine wamesimama nyuma kama wanaosubiri hukumu. Jina lake halisi lilibaki kwenye makaratasi. Mtaani aliitwa Kidevu, maana kila aliyekalia kile kiti chake cha kuzunguka alisikia maneno yaleyale: "Kidevu chini kidogo. Kidogo, nimesema. Umezidisha, pandisha. Hapo hapo, usipumue." Tangu aanze kazi hakuwahi kupiga picha ya kitu kinachokwenda. Hata watoto wachanga aliwasubiri mpaka walale.

Daktari wa meno alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono safi kama sahani za wageni. Siku za kazi aliziba na kung'oa. Mwisho wa wiki alivaa ovaroli nyekundu, akajipenyeza kwenye gari la njano, akaingia mbio za magari. Kuingia aliingia kweli. Kutoka ndiko kulikochukua muda. Wenzake walipokuwa wamekwisha kuoga na kubadilisha nguo, gari la njano ndio kwanza lilichomoza kwenye kona ya mwisho, likija kwa adabu zote kama linampeleka bibi harusi.

"Mimi shida yangu ni picha," alimwambia Kidevu siku ile, huku akichokonoa. "Panua kidogo. Wale wapiga picha wa uwanjani wamenionea. Kila picha yao, gari langu linaonekana limeegeshwa. Tairi zimetulia tuli, mpaka maandishi yake unayasoma. Shemeji yangu ameniuliza, 'Hapa ulisimama kununua nini?' Halafu sura yangu haionekani, kioo chote kimejaa mawingu. Sasa nataka mtu atakayenitoa ninakwenda, na nionekane mle ndani. Wewe si mpiga picha?"

"Aaa," alisema Kidevu, maana chuma kilikuwa kimegusa pabaya.

"Vizuri sana. Utakuja mbio zijazo?"

"Aaa-aaa!"

"Nilijua hutaniangusha," alisema daktari, akamsukumia pamba nyingine.

Nyumbani, mume wa Kidevu, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, alisimamisha mashine ili acheke vizuri. "Ungekataa pamba ilipotoka."

"Pamba ilipotoka ganzi ilikuwa imepanda mpaka sikioni. Nikasema 'siwezi', ikatoka 'hiwehi'. Akasema, 'Naam, tuwahi, tuwahi asubuhi.'"

Mama mkwe alikuwa pembeni, redio magotini. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na nusu ya watu wa mtaa ule walianza kuiona dunia wakiwa wameshikwa miguu naye, vichwa chini. Alipunguza sauti ya redio.

"Gari la njano?" aliuliza. "Lile la mwisho?"

"Mama, unalijua?"

"Nani asiyelijua? Mtangazaji huwa anaaga wasikilizaji kabla halijafika."

Hivyo ndivyo ilivyogundulika kwamba mama huyu, ambaye watu walidhani anasikiliza mahubiri, miaka yote alikuwa anasikiliza mbio za magari.

Kidevu alitoa vifaa vyake akavitandaza mezani. Kamera ilikuwa nzuri, lakini lenzi yake ilikuwa moja tu, fupi, ya studio, iliyozoea nyuso zilizo umbali wa hatua chache. Ukisimama nayo kando ya njia ya mbio, gari litatoka dogo kama punje ya dengu. Kesho yake akaenda kwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa mpiga picha wa ndege. Ndege wa mabawa na mayai, si ndege za abiria, na alijifunza kulieleza hilo mapema katika mazungumzo tangu siku askari walipomkuta na mtambo wake nje ya uwanja wa ndege. Alikuwa na lenzi nyeupe, ndefu kama bomba la moshi, nzito kama mtungi uliojaa. Vitu vingine vyote vya dunia aliviita kwa ngeli zake, lakini lenzi ile aliitaja kama mtu.

"Huyu hapendi vumbi," alisema. "Umemshika vibaya, mshike tumboni. Na akifika kwako asilale sakafuni. Hajazoea."

"Atalala kitandani, mjomba."

"Upande wa ukutani," alisema mjomba, macho yamelowa. Kisha, kama aliyekumbuka, akatoa lenzi nyingine, nyeusi, ya kati, inayovuta na kurudisha. "Chukua na mdogo wake. Huyu hana maringo."

Mazoezi yalifanyika kwenye uchochoro nyuma ya nyumba. Gari hawakuwa nalo, hivyo mume akawa gari. Alivaa viatu vya raba, akaning'iniza utepe wake wa kupimia shingoni, akatimua mbio kutoka kwenye mapipa ya taka hadi kwenye mlango wa jikoni. Kidevu alianza na lenzi ndefu. Alilenga, akabonyeza, wakakusanyika kutazama.

"Hiki ni nini?" aliuliza mume.

"Tundu la pua yako."

"Mimi mwingine niko wapi?"

Mwingine hakuwemo. Lenzi ndefu ilitaka umbali, na uchochoro ule ulikuwa mfupi mno kwa tabia zake. Wakamlaza kitandani upande wa ukutani, Kidevu akafunga lenzi ya kati. Sasa mume alitokea mzima kuanzia utosi hadi soli, lakini ameganda hewani, mguu mmoja juu, kama sanamu la mtu aliyekanyaga kitu kibaya. Ameegeshwa.

Kidevu alishika tama. Hapo ndipo kosa la wale wapiga picha wa uwanjani lilipomfungukia. Jicho la kamera likifunguka na kufumba upesi mno, kila kitu kinaganda, hata tairi inayozunguka kama wazimu. Inatakiwa jicho libaki wazi kitambo, na wakati huohuo kamera imfuate anayekimbia, kiuno kizunguke taratibu, ili yeye abaki mkali na ukuta wa nyuma uvutike kama tambi. Alijaribu. Picha za mwanzo zilitoa mzuka. Zilizofuata zilitoa mzuka mwenye utepe. Mume alikimbia mpaka majirani wakatoka kuuliza nani kamfukuza. Mwishowe ikatoka moja: uso safi, miguu imepotea kama pangaboi, mapipa ya taka yamekuwa mistari.

"Mungu wangu," alisema mume, akihema. "Mimi huwa nakwenda hivi?"

"Huwa huendi hivi," alisema mama yake.

Lakini picha ile ilipigwa jua likiwa limejificha. Jua lilipotoka, mambo yaliharibika. Jicho la kamera likibaki wazi kwenye mwanga mkali, mwanga unafurika ndani na picha inatoka nyeupe kama unga. Ndipo Kidevu akaenda duka la kamera kutafuta filta, vile vioo vya duara vinavyofungwa mbele ya lenzi.

Muuzaji alimpokea kwa mikono miwili, mmoja ukiwa tayari umeshika kitu. "Hii inageuza kila taa kuwa nyota!"

"Mteja wangu ni daktari wa meno. Anaendesha gari la mashindano."

"Basi meno yake yatakuwa nyota!"

Kidevu alikaribia kuinunua. Alipojikaza na kueleza shida yake, muuzaji aliweka nyota kando kwa huzuni, akamtolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. "Hii ni miwani ya jua ya kamera. Inapunguza mwanga, basi jicho lako unaliacha wazi utakavyo, picha haiungui." Ya pili ilikuwa na ukingo unaozunguka. "Na hii inakata mng'aro. Elekeza kwenye kioo, zungusha pole pole, utaona mawingu yanafutika juu ya kioo na aliye ndani anajitokeza."

Kidevu hakuamini. Alipofika studio alivuka barabara, akaifunga ile ya kukata mng'aro, akaelekeza kamera kwenye dirisha la duka la viatu. Kwa macho ya kawaida kioo kile kilionyesha barabara tu na wapita njia. Akazungusha ukingo. Barabara ikafifia. Nyuma ya kioo akamwona jirani yake muuza viatu, baba mzima asiyecheka hata siku ya sikukuu, amevaa viatu vyekundu vya kike vyenye visigino virefu, anakwenda na kurudi mbele ya rafu, mikono kiunoni, kwa uso wa mtu anayefanya utafiti.

Kidevu alirudisha ukingo haraka. Filta ilikuwa inafanya kazi.

Midomo ya lenzi ndiyo iliyomwamulia mengine. Lenzi ndefu ya mjomba ilikuwa na mdomo mpana kama sufuria, na filta zile zilikuwa visahani vya chai. Hazikumwenea hata kidogo. Kwa hiyo filta zikaenda kwa lenzi ya kati, na kwa kuwa daktari alitaka yote, mwendo uonekane na sura ionekane, ilibidi zifungwe zote mbili, moja juu ya mwenzake. Kidevu aliogopa zisije zikaanguka njiani. Akakaza. Halafu, kwa usalama, akakaza tena.

Zikagoma kutoka.

Alivuta, akasokota, akapaka sabuni pembeni. Mume akaja na koleo.

"Weka koleo chini!"

"Nitalishika taratibu tu."

"Ulisema hivyo hivyo kwenye kitasa cha choo, na sasa tunaimba tukiwa ndani!"

Mama mkwe alizima redio. Aliinuka, akaenda kunawa mikono hadi viwikoni, akarudi ameinyoosha hewani inachuruzika maji, akaketi kwenye kigoda. "Nani alikaza?"

"Mimi, mama."

"Ulikaza kwa woga. Kitu kikikazwa kwa woga hakitolewi kwa nguvu. Nileteeni glavu zangu." Alivaa glavu za mpira, akaiweka lenzi mapajani. "Na nyinyi wawili pumueni, mnanitia joto. Ndani. Nje. Ndani. Wewe mwenye koleo, nje."

Mume alitoka nje. Mama alisema alimaanisha pumzi, mume akarudi. Kisha mkunga akaweka viganja vyake bapa pande zote mbili, bila kufinya, akazungusha kidogo tu, kama mtu anayefungua macho ya aliyelala. Kikasikika kimlio chembamba. Filta zikaachana.

"Mapacha," alitangaza mama mkwe, akiziinua kwenye mwanga. "Wote wazima."

Kisha akasema siku ya mbio atakwenda. Vitu vile vikibanana tena kule porini, mkunga watampata wapi? Hakuna aliyebisha. Walimwona pia akiupangusa mkanda wa redio yake kwa kitambaa, huku akiimbia puani.

Uwanja wa mbio ulikuwa eneo kubwa la vumbi jekundu nje ya mji, njia yake imejikunja mara nyingi, kamba zimefungwa kando, na kwenye kila kona amesimama msimamizi mwenye bendera. Mume alibaki na wateja wake, lakini alikuwa ameshona mfuko laini wa pamba kumkinga lenzi ndefu na vumbi, na fundi alivyo, akaongeza kofia ndogo ya vifungo. Mama mkwe alimweka lenzi mgongoni, akamfunga kwa kitenge. Kofia ikachungulia begani.

"Jamani, mama!" alipiga kelele msimamizi wa kona ya tatu, mwanamke wa makamo aliyevaa fulana ya kung'aa. "Mtoto na jua lote hili! Njooni huku, njooni chini ya mwavuli."

Mahali alipowapeleka palikuwa juu ya tuta, nyuma ya magunia ya mchanga, salama kabisa, na kona nzima iko mbele yao kama sinia. Wapiga picha wengine walikuwa wamekatazwa pale tangu asubuhi.

"Analala vizuri?" aliuliza msimamizi, akinong'ona.

"Halii kabisa," alisema mama mkwe.

Msimamizi alibaki anatabasamu mpaka mbio zilipokaribia kuanza, mama mkwe alipofungua kitenge, akamshika mtoto shingoni, akamng'oa kofia na kumbandua kifuniko cha uso. Ilibidi Kidevu ampe msimamizi maji.

Filimbi ikalia. Kidevu alikuwa na lenzi ndefu kwanza, ameegemeza kwenye magunia. Aliyetangulia alikuwa bingwa, kijana mwenye gari la buluu, na alitokea kwenye kona kama aliyetemwa. Kidevu alibonyeza. Alimpata, wazi, mkali, kila jiwe limeganda hewani, na gari kama limepaki juu ya kokoto. Waliofuata hakupata hata mmoja. Alipata mahali walipokuwa wametoka kupita. Kisha vumbi likasimama kama ukuta na kwenye kioo cha kamera hakukuwa na kitu ila wekundu.

"Kushoto! Kushoto!" alipiga kelele mama mkwe. "Kona ile wa gari la kijani ameikata vibaya, mwanangu, yuko mtaroni! Umeona?"

"Sioni kitu, mama!"

"Basi sikia!"

Magari yakapita yakaisha. Vumbi likaanza kutua. Likatua lote. Ndege wawili walishuka njiani wakadonoadonoa. Hewa ikawa safi, jua limetanda, na hapo ndipo Kidevu alipouona upande mzuri wa daktari. Anayekuja nyuma ya wote hapigwi na vumbi la mtu.

Alibadilisha haraka. Lenzi ya kati, filta mbili, zimekazwa kwa ncha za vidole tu huku mama mkwe akimsimamia. Alipochungulia, giza. Kamera yenyewe ilichanganyikiwa, ikawa inatafuta pa kulenga mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza miwani. Akaizima ile akili yake, akalenga kwa mkono kwenye jiwe moja jeupe kando ya njia, mahali gari lingepita. Kisha akafikiria muda wa kuacha jicho wazi. Kwa bingwa kitambo kifupi kingetosha kuvuta nyuma kukawa tambi. Kwa daktari ilibidi kiwe kirefu zaidi, na zaidi tena. Gari la njano likatokea. Akaongeza tena.

Mzunguko wa kwanza ulitoa supu. Wa pili, gari lilitoka vizuri ajabu, njia imekuwa utepe mwekundu, tairi zimekuwa sahani, lakini alikuwa amezungusha ukingo upande usio wake, na kioo cha mbele kilijaa mawingu. Akaurekebisha. Mzunguko wa tatu aliliona gari likija, akatanua miguu, akaanza kulifuata kwa kiuno tangu mbali, pole pole, na lilipofika kwenye jiwe jeupe mdomo wake ukamponyoka wenyewe:

"Kidevu chini kidogo!"

Akabonyeza, akaendelea kuzunguka kama alivyofanya mazoezi, akazunguka mpaka gari likapita, akazunguka bado, akamkumba msimamizi, na wote wawili wakateremka tuta wakiwa wamekaa. Kamera aliishika juu. Mama mkwe alimshika lenzi.

Picha waliitazama nyumbani, kwenye kompyuta ya Kidevu, mume akiwa bado na pini mdomoni. Ilikuwa nzuri mpaka Kidevu akaona haya kidogo. Gari la njano lilikuwa linaruka. Miti ya nyuma ilikuwa imeyeyuka, vumbi chini ya tairi limejikunja kama moshi wa roketi, na ungeapa mtu yule yuko mbele ya dunia nzima. Na kioo kilikuwa safi, bila wingu hata moja, na nyuma yake alikuwepo daktari. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Mdomo ulikuwa wazi kiasi kwamba magego yote yalihesabika. Macho yalikuwa yamefumbwa kabisa.

Mume alitema pini.

"Sura hii naijua," alisema mama mkwe, akisogea. "Nimeiona maisha yangu yote. Huyu anazaa."

Mume alianguka kutoka kwenye kigoda. Kidevu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha, maana alikumbuka kwamba picha ina mwenyewe. Wakajadiliana. Mume alisema apelekewe ile ya mawingu tu, gari linakwenda, sura haionekani, mtu abaki na raha yake. Mama mkwe alisema mtu akijifungua lazima aonyeshwe mtoto, hata awe amefanana na nani. Mwishowe Kidevu akachapa zote mbili, kubwa, akaenda nazo kliniki, mama mkwe nyuma yake.

Daktari aliitazama ya kwanza. "Ninakwenda," alisema. "Mmeona? Ninakwenda!" Alimwita nesi. Alimwita mgonjwa aliyekuwa anasubiri.

Kidevu akampa ya pili.

Daktari aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, kisha akavuta ile taa yake ya kuangalizia meno akaimulikia.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, daktari."

"Mimi nilidhani nafanya hivi." Akawaonyesha: nyusi moja juu, taya limekazwa, macho ya chui. "Kumbe nimefumba macho."

"Kidogo."

"Dada, nimefumba macho kwenye kona."

"Na ukapita," alisema mama mkwe. "Yule wa gari la kijani alikuwa amefumbua, akaingia mtaroni."

Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, ndicho kilichokuwa karibu. "Naogopa, unajua," alisema taratibu. "Tangu filimbi inapolia mpaka nashuka. Ndiyo maana sikanyagi mafuta."

"Sasa mbioni unakwenda kufanya nini?" aliuliza mama mkwe.

Alifikiri sana. "Ovaroli," alisema. "Naipenda ile ovaroli."

Kisha akaitazama picha tena, na tumbo lake likaanza kutikisika, na mtu yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti aliangua kicheko mpaka nesi akaja na maji. Picha ya kwanza alimpelekea shemeji yake. Ya pili aliigongomelea darini, juu ya kiti, mahali ambapo mgonjwa aliyelazwa hana pengine pa kutazama. Wagonjwa walioingia wanatetemeka walifumbua macho, wakamwona daktari wao akipiga mayowe kwa kasi ya roketi, wakacheka midomo wazi. Naye akawahi kuingiza pamba.

Habari zilimfika bingwa wa gari la buluu, kwa sababu na yeye ana meno. Alilazwa pale, akatazama juu, akasahau maumivu. Siku hiyohiyo alikuwa studio, shavu limevimba.

"Mimi nimeshinda mbio zote," alisema. "Kwa nini yule anaonekana anakwenda kuliko mimi?"

"Wewe unapita haraka mno, mwanangu," alisema Kidevu. "Kiuno changu hakijakufikia. Njoo siku ya mazoezi, upite pole pole, nami nitakutoa unaruka."

Bingwa hakuwa na raha, lakini alikubali. Wakakutana uwanjani siku ya kazi, hakuna watazamaji, mama mkwe amekaa juu ya magunia na redio yake. Bingwa alipita mara kadhaa kama alivyoagizwa, taratibu, anauma meno. Kidevu alipata picha mbili nzuri. Halafu wingu kubwa likafunika jua, mwanga ukapungua, na filta nyeusi ikawa haihitajiki. Akampungia bingwa mkono aendelee vilevile polepole, akateremsha kamera, akaweka viganja bapa pembeni mwa filta, akaanza kupumua.

Daktari alikuwa kwenye mazoezi pia. Hakuwa anajua lolote. Alitokea nyuma ya kona, akaliona gari la buluu mbele yake linakaribia, jambo ambalo macho yake hayakuwahi kuliona, akashtuka, na kwa mshtuko akakanyaga mafuta. Gari la njano lilikwenda upande, likanyooka, likampita bingwa mchana kweupe.

Filta ikatoka. Kidevu akainua kichwa. "Nani kapita?"

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya magunia, mikono kichwani.

Daktari alisimamisha gari, akatoka na ovaroli yake nyekundu, akaja anakimbia, uso umewaka. "Umeipata? Nionyeshe! Umeipata?"

Kidevu alitazama filta iliyokuwa mkononi mwake, akatazama kamera iliyoning'inia tumboni, akafungua mdomo. Mama mkwe akamtangulia.

"Nimeona mimi," alisema. "Na macho ulikuwa umefumbua. Kaa hapa nikueleze."

Alimweleza. Bingwa alijaribu kusema kwamba alikuwa anatembea kwa ajili ya picha, lakini shavu lilikuwa bado limevimba na maneno yake hayakueleweka vizuri. Siku hizi mama mkwe haendi kliniki ya mtu mwingine. Kila anapokwenda kukaguliwa meno, kabla ya kupanua mdomo daktari humwomba asimulie tena, mbele ya nesi na wanaosubiri, naye husimulia kwa sauti ya mtangazaji, na kila mara gari la njano linakuwa limeongeza kasi.